Maana ya Rangi katika Karata za Taroti: Ishara ya Msanii au Mkono wa Mchapaji?

Uchambuzi wa kisemiotiki wa karata za taroti aghalabu huanza kwa jedwali: nyekundu ni shauku, nyeupe ni usafi, buluu ni hekima ya ndani. Jedwali la namna hiyo huchukulia kwamba kila rangi iliwekwa kwa makusudi na mtu aliyekuwa na ujumbe. Historia ya karata zenyewe haiungi mkono dhana hiyo moja kwa moja. Kabla rangi haijasomwa kama kiashiria, sharti ibainishwe ilifikaje kwenye karata.

Katika seti ya Visconti-Sforza, iliyochorwa kwa mkono mjini Milan katikati ya karne ya 15, karata nyingi zina mandharinyuma ya dhahabu halisi iliyobandikwa. Kati ya karata 74 zilizosalia, 35 zimo katika maktaba ya Morgan mjini New York na 26 katika Accademia Carrara mjini Bergamo. Dhahabu hiyo ilizungumzia utajiri wa aliyeagiza kazi. Ikumbukwe kwamba taroti ilikuwa mchezo. Maandishi yanayoihusisha na elimu ya siri yalienea Ufaransa baada ya kitabu cha Antoine Court de Gébelin cha mwaka 1781.

Karata za Marseille zinaonyesha tatizo waziwazi zaidi. Zilichapwa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, kisha zikapakwa rangi kwa stensili, rangi moja baada ya nyingine. Kila rangi iliyoongezwa ilikuwa stensili nyingine na kazi nyingine, hivyo mchapaji alikuwa na sababu ya kiuchumi ya kutumia rangi chache. Mwaka 1930 kampuni ya Grimaud ilitoa toleo lililosimamiwa na Paul Marteau, na mwaka 1949 Marteau alichapisha kitabu kinachofasiri karata hizo hadi rangi zake. Hata hivyo, rangi hizo hazikuwa zile za seti ya Nicolas Conver yenye mwaka 1760. Zilifuata matoleo ya mwishoni mwa karne ya 19, ambayo yalikuwa yamepunguza idadi ya rangi. Mfumo wa maana ukajengwa juu ya uamuzi wa karakana. Hilo haliufanyi ufasiri wa Marteau kuwa batili kwa wanaoutumia, lakini haliruhusu uitwe maana ya asili.

Seti ya Waite na Smith, iliyochapishwa London mwaka 1909, inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Arthur Edward Waite na mchoraji Pamela Colman Smith walikuwa wamepitia chama cha Golden Dawn, kilichoanzishwa mwaka 1888, ambacho kiligawa rangi kwa kila karata kuu kulingana na sayari, nyota na elementi. Mafundisho hayo yalifahamika hadharani zaidi Israel Regardie alipoyachapisha kati ya 1937 na 1940. Yakilinganishwa na karata, matokeo ni mchanganyiko. Manjano ya Mwanamazingaombwe yanalingana na rangi iliyopewa Zebaki, na buluu ya Kuhani wa Kike inalingana na ile ya Mwezi. Mnara, ambao chama kiliupa wekundu wa Mirihi, una anga jeusi. Kwa hiyo mfumo wa chama ni ushahidi, si ufunguo wa kila karata.

Waite mwenyewe hakutoa msaada mkubwa. Kitabu chake cha mwaka 1911, kilichoeleza karata moja moja, kilizionyesha kwa michoro ya mistari isiyo na rangi. Michoro ya awali ya Smith haijulikani ilipo, na matoleo ya baadaye yalibadilisha vivuli, baadhi yakipaka rangi upya kabisa. Mtafiti anayetumia nakala ya dukani hana budi kutaja toleo lake, jambo ambalo linapuuzwa mno.

Rangi zisizoyumba ni zile zilizofungwa na kitu kilichochorwa. Katika karata ya Mauti, bendera nyeusi yenye waridi jeupe, ambalo Waite alilieleza kuwa uhai, inabaki ilivyo katika toleo lolote, kwa kuwa maana yake imo katika mchoro. Vivyo hivyo mayungiyungi na mawaridi ya Mwanamazingaombwe yanathibitisha nyeupe ya kanzu na nyekundu ya joho lake. Rangi ya anga au ya vazi la mtu wa pembeni haina kithibitisho kama hicho.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada. Lugha ina mashina matatu tu ya vivumishi asilia vya rangi, -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine huitwa kwa majina ya vitu: manjano, kijani, kijivu, zambarau, dhahabu. Kuita anga la Mwanamazingaombwe "dhahabu" badala ya "manjano" ni kulipa madini ya Milan yasiyomo humo. Litografia ya 1909 iliweka wino bapa, na uchambuzi wa kiishara unapaswa kuanzia kwenye wino huo.