Yai halipevuki siku ya 14 kwa kila mwanamke

Wapo wanandoa wanaotafuta mtoto kwa kuhesabu siku 14 tangu mke aanze hedhi. Miezi inapita, mimba haipatikani, na lawama anabebeshwa mke. Huenda kosa liko kwenye hesabu.

Mwanamke ana ovari mbili, kulia na kushoto mwa mfuko wa uzazi. Kila mzunguko, homoni kutoka tezi iliyo chini ya ubongo huamsha vijiyai kadhaa, na kwa kawaida kimoja tu hupevuka. Yai likitoka huingia kwenye mrija wa uzazi, na huishi saa 12 hadi 24 tu. Mimba isipotunga, homoni hupungua, ukuta wa mfuko wa uzazi humomonyoka, na hedhi huanza.

Siku 14 ni makadirio ya muda kutoka yai kupevuka hadi hedhi inayofuata. Kinachobadilika zaidi ni kipindi cha kabla ya hapo. Hivyo mwenye mzunguko wa siku 28 hupevusha yai karibu na siku ya 14, lakini mwenye siku 35 ni karibu na siku ya 21. Mbegu za mume huweza kuishi hadi siku 5, kwa hiyo msisubiri siku moja. Anzeni siku 5 kabla.

Mwaka ukipita bila mimba, au miezi 6 kama mke ametimiza miaka 35, nendeni hospitali nyote wawili. Mume naye apimwe, kwani tatizo huweza kuwa kwake.