Ncha Mbili za Safari ya Pwani

Tangu Juni 2017 garimoshi la Madaraka Express hukata masafa ya Nairobi hadi Mombasa, yapata kilomita 470, kwa saa tano au sita, ilhali katika lile la zamani, lililopita juu ya reli nyembamba iliyoanza kutandikwa mwaka 1896, abiria alikesha njiani. Na wengi walidhani kuwa kazi ya kuufikisha umma pwani imetimia. Lakini mkazi wa Kawangware atakaye kuwaonyesha wanawe bahari huanza kwa matatu ya namba 46, akashuka mjini na mizigo yake kutafuta gari la Syokimau, iliko stesheni ya Madaraka. Na reli ikomapo yuko Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, na ikiwa makusudio yake ni Diani, kivuko cha Likoni kingali mbele yake.

Wataalamu wa usafiri wamethibitisha kwamba dakika ya kungoja kituoni humwelemea msafiri aghalabu kama dakika mbili za mwendo, na kwa mama mwenye mtoto mgongoni naamini huzidi. Ni kweli kwamba gurudumu la chuma juu ya chuma hukutana na ukinzani mdogo mno kuliko mpira juu ya lami, hivyo mafuta machache huvuta watu wengi. Bali faida hiyo hupotea pale abiria, akiisha kuchoshwa na ncha za safari, anaporejea kwenye gari dogo.

Nami husikitika zaidi nikikumbuka kuwa reli imekwisha kupita karibu na mlango wa mkazi huyo. Njia ya Kisumu, mji uliofikiwa na reli mwaka 1901, hupasua Kibera, na treni za mji zitokazo Kikuyu hupita Dagoretti na Kibera hadi stesheni kuu, ambako nyingine huunganisha na Syokimau. Ila hizo za Kikuyu zimepangwa kwa ajili ya wafanyakazi wa asubuhi na jioni, si kwa familia iendayo kutembea.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowazuia wageni wa ng'ambo, hoteli za pwani ziliwategemea wananchi, na mahitaji ya wananchi hao yastahili kutangulia katika tadbiri: ratiba za treni za Kibera zilinganishwe na za Madaraka, basi la umeme lingoje Miritini na kupitia barabara ya Dongo Kundu, ikwepayo kivuko, hadi Diani, na tiketi iwe moja, kwa bei ya kibarua, ambaye nauli ya shilingi 1,500 ya daraja la chini, iliyokuwa 1,000 kabla ya 2024, imekwisha kumlemea.