Baiskeli ya Mlimani Baada ya Hamsini: Kweli au Uongo?

Kila mwaka, mwanzoni mwa Novemba, maelfu ya watu hujipanga na baiskeli za milimani mjini Kalkaska, jimbo la Michigan nchini Marekani. Mashindano yenyewe yanaitwa Iceman Cometh. Yalianza 1990, na njia yake hukata msituni kwa karibu kilomita 48 hadi jirani na Traverse City. Msimu umekwisha, majani yamepukutika, na asubuhi hiyo inaweza kuja na mvua, matope au theluji. Wenye mvi hawakosekani. Nawe uliyetimiza miaka 50, hebu sema tu kwamba unataka kujiunga nao, uone maneno yatakavyokumiminikia. Mengi umeshayasikia. Tuyapime.

"Ukishapita hamsini, pumzi haiongezeki tena."
UONGO. Ni kweli uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka na umri: kwa asiyefanya mazoezi, karibu asilimia 10 kila miaka kumi. Lakini anayeendelea kujifua kwa bidii anaweza kupoteza nusu tu ya hiyo, na aliyelegea anaweza kupanda tena. Mfaransa Robert Marchand alizaliwa 1911. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha kilomita 24.25 kwa saa moja uwanjani. Kisha mtaalamu Véronique Billat akamsimamia mazoezi ya kilomita kama 5,000 kwa mwaka, sehemu nne kati ya tano zikiwa za mwendo mwepesi na moja ya kujikaza. Mwaka 2014 babu huyo alifikisha kilomita 26.927, na uwezo wake wa kutumia oksijeni ukapanda kwa asilimia 13. Kwa upande wa milimani, Mmarekani Ned Overend alikuwa bingwa wa dunia 1990 akiwa na miaka 35. Mwaka 2015, akiwa na 59, alitwaa ubingwa wa taifa wa baiskeli za matairi mapana ya thelujini, na hakushindana na wazee wenzake, aliwashinda vijana.

"Mzee anachelewa kupona."
KWELI, na waliotuambia wanastahili heshima. Mazoezi makali mawili kwa wiki yanatosha wengi wetu. Siku zilizobaki ni za mwendo wa kupiga soga. Msuli wa mzee pia unahitaji protini nyingi zaidi kwa mlo mmoja kuliko wa kijana, takriban gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 75 hiyo ni gramu 30. Bakuli la maharage peke yake halifiki. Weka na mayai mawili au kipande cha samaki.

"Baiskeli inamaliza nguvu za kiume."
UONGO. Hili linasemwa kwa kunong'ona, basi tulijibu kwa sauti. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwalinganisha maelfu ya wanaume waendesha baiskeli, waogeleaji na wakimbiaji, na waendesha baiskeli hawakuonekana kuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Kilichojitokeza zaidi kwao ni ganzi ya msamba, na waliokuwa wakisimama mara kwa mara juu ya pedali waliipata kidogo. Ukihisi ganzi, rekebisha siti, usiuze baiskeli.

"Tairi likiwa gumu ndiyo baiskeli inakimbia."
UONGO, angalau msituni. Nimekulia Tanga, ambako fundi alibonyeza tairi la Phoenix kwa kidole gumba. Lisipobonyea, hapo umejaziwa upepo sawasawa. Kwa lami na mzigo wa nazi alikuwa na hoja. Kwenye mizizi, tairi gumu hurushwa na kila kinundu, na kila kurushwa ni nguvu ya miguu yako inayopotelea mgongoni. Kwenye mchanga wa Michigan huchimba kama jembe, wakati laini linaelea juu. Mimi wa kilo 75 natumia PSI 22 hivi, kwenye matairi mapana yasiyo na tyubu. Na kuna jambo lililonishangaza nilipolipima mwenyewe: hewa hunywea kwa baridi. Jaza upepo ndani ya nyumba kwenye nyuzi 20, toka nje palipo na nyuzi moja chini ya sifuri, na PSI mbili na nusu zimekwenda bila tundu lolote. Kwa hiyo pima hukohuko mstarini, baada ya baiskeli kukaa nje.

"Baridi itakupa nimonia."
UONGO. Nimonia huletwa na vijidudu. Ila bibi zetu waliosema ufunike kifua hawakukosea: hewa baridi na kavu huwabana baadhi ya watu njia za pumzi, na mishipa ya damu husinyaa hadi presha ikapanda. Pasha mwili moto kwa dakika 15 hadi 20, umevaa koti utakalolivua dakika ya mwisho.

"Kwenye baridi hakuna haja ya kunywa maji."
UONGO, na kwa mzee ni uongo mara mbili: kiu hupungua kwa baridi, tena hupungua kwa umri. Usisubiri kiu. Weka maji ya uvuguvugu kwenye chupa, maana mdomo wake huganda.

"Mwenye mazoezi haugui moyo."
UONGO, na hapa nakuomba sana unisikilize. Mazoezi hupunguza hatari, hayaifuti. Nchini Sweden walifuatiliwa watu zaidi ya 52,000 waliomaliza Vasaloppet, mbio za kilomita 90 za kuteleza thelujini. Matokeo yalitoka 2013: walioshiriki mara nyingi zaidi, na waliokuwa na kasi zaidi, ndio waliopatwa zaidi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Maumivu ya kifua, kizunguzungu mlimani, moyo unaorukaruka: nenda hospitali kabla ya kulipa ada ya mashindano. Nimewahi kumshika mkono mwenzangu wa miaka 61 aliyekaa chini ya mti akisema "ni uchovu tu". Haukuwa uchovu.

"Wiki ya mwisho ndiyo ya kujikaza."
UONGO. Wiki mbili kabla, punguza muda wa mazoezi karibu nusu, ukibakiza vipande vifupi vya kasi. Nguvu haiponyoki kwa siku kumi na nne. Uchovu ndio unaoondoka.

"Haraka haraka haina baraka."
KWELI tupu. Kalkaska watu huachiwa kwa makundi, na kilomita za kwanza zinavutia miguu kufyatuka. Vilima vigumu vimewekwa karibu na mwisho. Mwaka nilipoianza njia ile polepole, vijana wawili walionipita kwa kishindo asubuhi niliwakuta kwenye kilima cha mwisho, wakisukuma baiskeli zao kwa mkono. Wakanipisha upande wa kushoto, na mmoja akaniambia, "Twende, mzee."