Noeli ya Nyumbani: Urithi wa Kijerumani na Familia za Igogo

Utangulizi

Kila mwaka Majilio yanapokaribia, wanafunzi wetu hutuuliza swali lile lile: je, mti wa Noeli una uhusiano wowote na Injili, au ni desturi ya Wajerumani tu? Wengine huuliza kwa mzaha, wengine kwa dhamiri iliyosumbuka. Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya desturi za Noeli za familia za Kijerumani, namna zinavyoadhimishwa, na jinsi zinavyotuhusu sisi tulio watumishi wa sharika za mjini.

Mfano wetu ni Igogo, Mwanza. Kata hii iko kando ya ziwa, penye bandari ya Mwanza Kusini, na nyumba zake zimepanda vilima katikati ya majabali. Wakazi wake wametoka pande nyingi. Miongoni mwa Walutheri wa Mwanza wamo waliotoka Kilimanjaro, walikofika wamisionari wa Leipzig mwaka 1893; wamo pia waliotoka Usambara na Buhaya, ambako Misheni ya Betheli ilifanya kazi, kwa Buhaya tangu mwaka 1910. Kwa hiyo desturi za Noeli hazikufika hapa moja kwa moja kutoka Ujerumani. Zilikuja pamoja na waumini waliohama kwa meli za ziwani na kwa reli iliyofika Mwanza mwaka 1928.

Hoja yetu ni hii: katika safari hiyo ndefu vilisafiri vitu, yaani mti, mishumaa na nyimbo. Lakini kiini cha Noeli ya Kijerumani, ambacho ni ibada ya familia nyumbani, kwa sehemu kubwa kiliachwa njiani.

Asili ya desturi hizi

Habari za miti iliyopambwa ndani ya nyumba zinapatikana Strasbourg mwanzoni mwa karne ya 17. Taarifa ya mwaka 1605 inaeleza kwamba watu waliweka misonobari vyumbani mwao, wakaining'iniza maua ya karatasi, matofaa, mikate myembamba na sukari. Masimulizi kwamba Martin Luther ndiye aliyewasha mishumaa ya kwanza juu ya mti hayana ushahidi. Yalienezwa na picha zilizochorwa karne ya 19. Mtumishi asiyahubiri kama historia.

Hata hivyo Luther ana sehemu yake. Zamani watoto walipewa zawadi sikukuu ya Mtakatifu Nikolao, tarehe 6 Desemba. Wanamatengenezo waliihamisha desturi hiyo kwenye Noeli, ili mtoto ajue kwamba zawadi iliyo kuu ni Kristo mwenyewe. Kadhalika Luther alitunga wimbo wa Noeli kwa ajili ya watoto, ambamo malaika anatangaza habari njema nao watoto wanaitikia. Tukumbuke pia Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529: vichwa vya sehemu zake vinaeleza jinsi mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Kwa Luther nyumba ni mahali pa Neno, si mahali pa kula na kulala tu.

Jioni ya tarehe 24

Kilele cha Noeli ya Kijerumani si mchana wa tarehe 25, bali ni jioni ya tarehe 24, inayoitwa Jioni Takatifu. Kwa desturi ya zamani wazazi huupamba mti kwa siri, na mlango wa chumba hufungwa. Familia huenda ibadani alasiri. Wakirudi, kengele ndogo hulia na mlango hufunguliwa. Katika nyumba za wacha Mungu, zawadi hazishikwi kwanza: mzazi husoma Luka sura ya pili, kisha wote huimba. Zawadi hufuata. Chakula cha jioni hiyo katika nyumba nyingi ni chepesi mno, yaani viazi vya saladi na soseji. Nyama ya bata bukini na kutembelea jamaa hungoja tarehe 25 na 26.

Utaratibu huo una mafundisho. Kungoja kunatangulia kupokea, Neno linatangulia zawadi, na ibada inatangulia karamu.

Nuru iliyowashwa kwa ajili ya maskini

Shada la Majilio nalo lina historia inayopasa kujulikana. Mwaka 1833 Johann Hinrich Wichern alianzisha huko Hamburg nyumba ya kulelea watoto wa mitaa ya maskini. Katika Majilio ya mwaka 1839 aliweka mishumaa juu ya gurudumu la mbao, mikubwa minne kwa ajili ya Jumapili na midogo kwa siku za kazi, akiwasha mmoja kila siku. Watoto waliochoka kuuliza Noeli itafika lini wakaweza kuhesabu kwa macho yao. Katika nchi ambayo mwishoni mwa Desemba jua huzama yapata saa kumi jioni, mshumaa mmoja ulioongezeka ulikuwa mahubiri. Kwetu Mwanza giza huingia karibu na saa moja jioni mwaka mzima. Lakini giza la kukosa karo na la ugonjwa nyumbani halifuati majira.

Mfano wa pili ni Johannes Falk wa Weimar. Mwaka 1813 maradhi ya mlipuko yaliwaua wanne kati ya watoto wake. Naye akawapokea yatima wa vita, na kwa ajili yao akatunga wimbo wa furaha ambao hadi leo Wajerumani huufungia nao ibada ya mkesha. Furaha hiyo haikuzaliwa mahali pasipo msiba. Sisi wa kanda ya ziwa, ambao tangu tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama tuna nyumba zenye kiti kitupu kila Noeli, tunaweza kumwelewa Falk bila mkalimani.

Kasoro na tahadhari

Hatusemi kwamba desturi hizi hazina hatari. Katika miaka ya 1930 Wanazi walijaribu kuigeuza Noeli kuwa sikukuu ya jua na ya taifa. Mti ulibaki, Mtoto akaondolewa. Leo biashara hufanya vivyo hivyo pasipo kutumia nguvu. Kwa upande mwingine, wanaoulaani mti kwa kutumia Yeremia 10 wanakosea: nabii anasema juu ya sanamu iliyochongwa ili iabudiwe, si juu ya pambo. Mti si dhambi, wala si lazima.

Swali la Igogo

Mkesha mmoja wa Noeli tulizitembelea nyumba chache za Igogo. Katika nyumba moja tulimkuta mama mwuza dagaa pamoja na watoto wake wanne. Alituomba radhi, akasema, "Baba Mchungaji, mwaka huu kwetu hakuna Noeli," kwa maana hakupata fedha za nguo mpya wala za mchele. Watoto walikuwa wakisikia. Tukamwomba binti mkubwa asome Luka 2, tukaimba, mama mwenyewe akaomba. Tulipoaga, mdogo wao akauliza, "Mama, kumbe hii ndiyo Noeli?"

Mama yule hakuwa na kosa. Ni sisi watumishi tuliomwachia aamini kwamba Noeli iko kanisani na sokoni, asijue kwamba imekwisha kuwekwa mikononi mwake. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyetumika Uchagani, alifundisha kwamba Injili haina budi kushika mizizi katika vifungo vya ukoo na ujirani. Fundisho hilo lingali na uzito.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Jumapili ya kwanza ya Majilio kila familia ipewe utaratibu mfupi wa ibada ya nyumbani: somo, wimbo na sala, usiozidi robo saa. Pili, jumuiya ziwashe mshumaa kwa zamu, nyumba kwa nyumba, zikianzia kwa wajane na wagonjwa. Tatu, mahubiri ya mkesha yamalizike kwa kuwatuma wazazi wakasome Luka 2 nyumbani usiku huo huo, awe baba, awe mama, awe bibi anayelea wajukuu.

Hayo hayahitaji msonobari. Yanahitaji Biblia moja, mshumaa au kibatari, na mtu mzima aliyefundishwa kwamba anaweza. Mtoto wa Igogo aliuliza swali la kweli, na inafaa kila mtumishi ahakikishe kwamba, Noeli ijayo, mama yake ndiye atakayemjibu.