Soma Nyuma ya Pakiti

Ukiingia supamaketi, jicho huvutwa kwanza na friji la soseji. Geuza pakiti usome maandishi madogo: gramu 100 mara nyingi hazifikishi gramu 15 za protini, kilichobaki ni maji, mafuta na unga. Maharage makavu ya uzito huo yana gramu 20 na ushee, na dagaa wakavu, hao wanaonukia hadi kaunta, hupita 50. Basi bei ipimwe kwa gramu ya protini. Watasema protini ya maharage si kamili. Kweli, yamepungukiwa asidi amino iitwayo methionini, ila ugali unayo, nayo maharage yanaziba upungufu wa lisini, asidi amino nyingine, kwenye mahindi ya ugali huo. Hoja ya mkaa, kwamba maharage huchelewa kuiva na kumaliza moto, ni nzito zaidi, lakini yakilowekwa usiku kucha huiva upesi.