Uchaguzi wa risasi kwa shabaha ya masafa marefu

Uchaguzi wa risasi kwa shabaha ya masafa marefu ni uamuzi anaoufanya mlenga shabaha kuhusu aina ya risasi atakayotumia katika mashindano ambayo shabaha iko mbali sana, kwa kawaida kati ya yadi 300 (mita 274) na yadi 1,000 (mita 914). Watu wengi hudhani kwamba risasi bora ni ile yenye nguvu kuliko zote. Sivyo. Katika mchezo huu risasi bora ni ile inayopoteza muda mchache hewani, inayotoka kwa kasi ileile kila inapopigwa, na inayopatikana kihalali kwa idadi ya kutosha kufanyia mazoezi. Mifano mingi ya makala hii inatoka uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania, kwa sababu mwinuko wake na historia yake vinaonyesha mambo haya vizuri.

Neno "risasi"

Katika Kiswahili neno hili lina maana tatu: madini laini na mazito, kipande kinachoruka kutoka bundukini, na kifurushi kizima kinachoingizwa ndani ya bunduki. Hapa "risasi" ni kifurushi kizima. Kina ganda la mchanganyiko wa shaba na zinki, fataki ndogo kitakoni mwa ganda, baruti ndani yake, na kichwa mbele. Kinachoruka ni kichwa tu, ganda hubaki.

Majina ya risasi huwachanganya wanafunzi. Jina .303 ni upana wa tundu la mtutu kwa sehemu za inchi, yaani milimita 7.7 hivi. Jina 7.62×51 linataja upana na urefu wa ganda kwa milimita. Risasi mbili zinaweza kuwa na vichwa vya upana uleule na bado zisiingie katika bunduki moja, kwa kuwa maganda yake hayafanani. Kulazimisha risasi isiyo ya bunduki husika ni hatari kubwa, kwani bunduki inaweza kumpasukia mpigaji usoni.

Kinachofanywa na hewa

Tuchukue risasi ya 7.62×51 yenye kichwa cha gramu 10, kinachotoka mtutuni kwa kasi ya mita 900 kwa sekunde. Kama kusingekuwa na hewa, kichwa kingefika mita 914 kwa sekunde 1.02, na mvutano wa dunia ungekishusha kwa ½ × 9.8 × 1.02², yaani mita 5.1 chini ya mstari wa mtutu. Hali halisi si hiyo. Katika usawa wa bahari hewa hukipunguza mwendo hata safari ikachukua sekunde 1.5 hivi, na kichwa hushuka zaidi ya mita 9. (Anayepiga hesabu ileile kwa sekunde 1.5 atapata mita 11; tofauti inatokea kwa sababu hewa huzuia pia mwendo wa kushuka.)

Kushuka hakumsumbui sana mpigaji mzoefu, maana mvutano wa dunia haubadiliki. Hurekebisha kilengeo chake, basi. Kinachosumbua ni upepo. Kuna kanuni ya zamani inayosema kwamba upepo wa ubavuni hukisogeza kichwa kwa kiasi cha kasi ya upepo mara muda uliopotea, yaani muda halisi wa safari ukiondoa muda ambao ingechukua bila hewa. Katika mfano wetu muda uliopotea ni 1.5 − 1.02 = sekunde 0.48. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao hutikisa majani, utakisogeza kichwa 4 × 0.48, yaani karibu mita 2. Duara la katikati la shabaha ya yadi 1,000 katika mashindano ya Uingereza lina kipenyo cha sentimita 61 hivi. Asiyeusoma upepo hatalipata.

Kanuni hii ndiyo kiini cha uchaguzi wote. Ukubwa wa mlipuko si hoja ikiwa kichwa ni kifupi na butu. Kichwa kirefu, chembamba, chenye ncha kali na nyuma iliyochongwa, hata kikitoka taratibu zaidi, kinaweza kupoteza muda mchache kuliko kifupi kilichotoka kwa kasi kubwa.

Ufipa na hewa nyepesi

Mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni kama hektopaskali 820, wakati Dar es Salaam ni 1,010 hivi. Hata tukizingatia kwamba Dar es Salaam ina joto zaidi (na joto huifanya hewa iwe nyepesi), densiti ya hewa ya Sumbawanga ni pungufu kwa takribani asilimia 15. Kichwa cha mfano wetu kitapoteza kama sekunde 0.4 badala ya 0.48, na bunduki iliyorekebishwa pwani kwa yadi 1,000 itapiga juu kwa zaidi ya nusu mita.

Si lazima mtu atoke pwani ili kuiona tofauti hiyo. Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, iko mita 770 hivi, na bonde la Ziwa Rukwa upande wa pili liko karibu mita 800. Kwa hiyo mkoa mmoja una hewa mbili tofauti, na jedwali la kilengeo lililotengenezwa ziwani halifai juu uwandani.

Asidhani mtu kwamba hewa nyepesi inamaliza tatizo la upepo. Ufipa ni nchi ya nyasi yenye miti michache, na pepo za kusini-mashariki za kiangazi huvuma bila kizuizi. Mpigaji hutazama nyasi zinavyoinama na mazigazi, yale mawimbi ya joto yanayochezacheza juu ya ardhi, ili kukadiria upepo wa njia nzima na si wa pale alipolala tu.

Jambo lingine ni kasi ya sauti. Kichwa kinaposhuka kuikaribia kasi hiyo, msukumo wa hewa juu yake hubadilika na baadhi ya vichwa huanza kuyumba. Kasi ya sauti ni mita 343 kwa sekunde kwenye halijoto ya nyuzi 20 na 337 hivi kwenye nyuzi 10. Haitegemei kanieneo. Kichwa mashuhuri cha grain 168 (gramu 10.9) kwa bunduki za .308 kilipendwa sana kwa mita 300 hadi 600, lakini kwa yadi 1,000 kilijulikana kwa kuyumba. Katika hewa ya uwandani kichwa huchelewa kufikia mpaka huo, na risasi inayoshindwa pwani inaweza kufaa huko.

Funzo la vita

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871. Risasi yake ilikuwa ya milimita 11, yenye kichwa kizito cha gramu 25 hivi kilichotoka kwa mita 440 kwa sekunde, na baruti nyeusi iliyotoa wingu la moshi na kumfichua mpigaji. Waingereza walikuwa na .303 isiyo na moshi mwingi, ambayo toleo lake la mwaka 1910 lilikuwa na kichwa cha ncha kali kilichotoka kwa mita 744 kwa sekunde. Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, ilitekwa Juni 1916. Jeshi la Lettow-Vorbeck liliposalimisha silaha Abercorn (sasa Mbala, Zambia), kusini tu mwa Ufipa, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zake karibu zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno zilizotekwa. Walibeba bunduki ambazo risasi zake ziliweza kupatikana, na mlenga shabaha naye hulazimika kufikiri hivyohivyo.

Risasi zinazotumika

Mashindano makongwe hufanyika Bisley, Uingereza, tangu 1890, na Kenya imewahi kutuma timu huko. Zamani ilitumika .303, baadaye nafasi yake ikachukuliwa na 7.62×51, iliyokubaliwa na NATO mwaka 1954, pamoja na ndugu yake .308 Winchester ya 1952. Katika tawi la kimataifa la bunduki za vilengeo vya kawaida, sheria huruhusu .308 na .223 tu, na kichwa cha .308 kisifike grain 156. Hapo uchaguzi umekwisha kufanywa na sheria, na ushindi unabaki kwa anayeusoma upepo. Kwa maoni ya mwandishi huo ndio ushindani wa haki zaidi.

Tawi la F, lililoanzia Kanada, huruhusu darubini na kiegemeo. Daraja lake la wazi hukubali vichwa vya hadi milimita 8, na wengi huchagua milimita 7. Nje ya tawi hilo, 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007 imependwa kwa kichwa chake kirefu na msukumo wake mdogo begani. .300 Winchester Magnum hupoteza muda mchache, lakini humchosha mpigaji na hula mtutu: mtutu wa .308 unaweza kudumu risasi 5,000, wa .300 pengine robo yake. .375 H&H ya 1912, inayojulikana sana kwa wawindaji wa nyati Tanzania, haifai kabisa; hakuna bega litakalostahimili risasi 60 zake kwa siku na bado litulie.

Nchini Tanzania umiliki wa bunduki na risasi huongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni inahitajika. Kwa hiyo .308, inayotengenezwa na viwanda vingi duniani, ina faida ambayo jedwali la kasi halionyeshi: mwanamichezo anaweza kununua risasi za toleo moja, akazipima zote kwa mtutu wake, na kujua zinafanya nini kwenye mwinuko anaoishi.