Siasa Tuirithiyo Nyumbani

Mwalimu Julius Nyerere ameandika kwamba, katika zama za kupigania uhuru wa Tanganyika, wazee wengi walimwuliza vipi watashinda ilhali hawana bunduki, na ni lipi litakalozuia yasirudi yale yaliyowafika Wahehe na watu wa Maji Maji mikononi mwa Wajerumani. Naye akaona kuwa lazima chama chake cha TANU kianze kwa kuwayakinisha watu ya kwamba uhuru waweza kupatikana kwa njia ya amani. Wako watakaodhani kuwa swali lile lilitokana na woga. Mimi naliona kuwa lilitokana na malezi.

Hapa Nangurukuru, kwenye njia panda ya barabara kuu ya kusini, ile iendayo Kivinje na Masoko, na ile ielekeayo Liwale, si taabu kufahamu malezi hayo yalianzia wapi. Kivinje ndiko Wajerumani walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyeupinga utawala wao, mwaka 1895. Na huko vilimani Umatumbi, kijijini Nandete, mwezi wa Julai 1905, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Wajerumani wenyewe walikisia kuwa waliokufa ni 75,000, na wanahistoria wa baadaye wakafikisha makisio hadi 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa, baada ya askari wa dola kuteketeza maghala na mashamba. Mtoto aliyezaliwa Kilwa mwaka 1910 alilelewa na watu walioyaona hayo kwa macho yao, na TANU ilipokuja kubisha hodi yeye alikwisha kuwa mtu mzima mwenye wanawe. Itikadi hakufundishwa na mtu. Alijifunza dola ni kitu gani kwa jinsi mama alivyopunguza sauti akida alipopita.

Lakini nyumba zile zile zilihifadhi na fahari. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotumwa vijijini kukusanya habari za vita hivyo, waliwakuta wazee wakisimulia mambo ambayo hayakuwamo katika kitabu chochote cha shule, kwa kuwa yaliwekwa na kinywa, mzazi kwa mwana. Hofu na fahari zilipokewa pamoja, katika masimulizi yale yale ya jioni.

Elimu ya nchi za mbali yaafikiana na haya kwa kiasi fulani. Huko Marekani, mwaka 1965, wataalamu Kent Jennings na Richard Niemi waliwahoji vijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari pamoja na wazazi wao, wakaona kwamba mtoto humfuata mzazi katika kupenda chama kuliko katika rai juu ya jambo moja moja. Kwa maneno mengine, jina la chama hurithiwa kwa wepesi. Hoja zake hazirithiki vivyo hivyo. Unguja na Pemba waliyaonja machungu ya jambo hili kabla ya 1964, pale ugomvi wa vyama vya ASP na ZNP ulipoingia majumbani hata watu wakasusiana arusi na maziko, na watoto wakajua nani hasalimiwi kabla hawajajua kwa nini. Huko ni kumdhulumu mtoto.

Hata hivyo malezi si hukumu isiyokatiwa rufani. Jimbo la Kilwa Kusini, ambalo wapiga kura wake wengi walizaliwa katika zama za chama kimoja, lilimchagua mgombea wa chama cha upinzani cha CUF mwaka 2010, na likamrudisha tena mwaka 2015.

Basi, ewe mzazi, wakati wa uchaguzi watu wanapohojiana barazani kwako, usimfukuze mtoto. Mwache asikie babu yake akipingana na mjomba wake, kisha awaone wote wawili wakila sinia moja. Na akikuuliza kwa nini unakipenda chama chako, mpe sababu.